Hata Asiye na Motokaa Hulipia Barabara



Wakati wa chakula, habari za barabara zinapotajwa, wengi wetu husema, "Hayo ni mambo ya wenye magari. Mimi sina hata baiskeli." Ndugu zangu, maneno hayo si ya kweli, nami nataka kuyapinga katika ukurasa huu. Asiye na gari hulipia barabara kila siku, ila hulipa bila kujua. Na mtu alipaye bila kujua hawezi kuuliza fedha zake zimekwenda wapi. Hiyo ndiyo sababu ya kuandika.

Tuanze na pampu ya petroli. Zamani kidogo, kwa sheria ya mwaka 1984, Serikali iliweka vizuizi katika barabara kuu, na kila gari lilisimama likalipa ada ya kupita. Vizuizi hivyo vimeondoka, lakini jina limebaki: hata leo makondakta wa barabara ya Thika huita "Toll! Toll!" na abiria hushuka hapo bila kufikiri jina limetoka wapi. Mwaka 1993 ikatungwa sheria nyingine, na ushuru wa barabara ukatiwa ndani ya bei ya mafuta. Tangu hapo kila lita ya petroli na ya dizeli imebeba fedha za kutengeneza barabara. Toka mwaka 2016 zilikuwa Sh18 kwa lita. Mwezi wa Julai 2024 zikapandishwa kuwa Sh25. Mwenye kuzitunza ni Halmashauri ya Barabara, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999.

Sasa, ni nani alipaye hizo Sh25? Mwenye matatu hulipa pampuni, lakini jioni hesabu yake haina pengo, maana amekwisha kuzitia katika nauli. Mwenye lori hulipa, kisha huzitia katika bei ya kubeba magunia. Mwenye duka huzitia katika unga, sabuni na chumvi. Mwisho wa safari zinamfikia mtu ambaye hana wa kumpelekea, naye ni wewe na mimi. Tena yuko mama kijijini mwenye kinu cha kusaga mahindi kwa injini ya dizeli. Kinu hicho hakijapata kusogea hatua moja kutoka chini ya bati lake, wala hakijui barabara ilivyo, lakini kila lita inayonunuliwa kwa ajili yake hulipa Sh25 za barabara. Anayepeleka debe la mahindi kusaga amelipia lami asiyoikanyaga.

Basi, je, ushuru huu ni mbaya, tuukatae? Mimi nasema hapana. Barabara hainyeshi kama mvua. Sisi tunaofanya kazi ya genge katika reli twajua jambo hili kwa mikono yetu. Taruma moja likioza na lisibadilishwe, lile la pili hubeba mzigo wa mawili, nalo huoza upesi. Kokoto zikizama bila kuongezwa, reli hupinda. Na siku moja behewa huanguka, watu husema ni ajali. Haikuwa ajali. Ilikuwa ni fedha za matengenezo zilizochelewa. Barabara ni vivyo hivyo. Shimo dogo la mwezi wa Aprili ni handaki mwezi wa Disemba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa barabara hujengwa kwa mamilioni.

Kwa hiyo ni lazima pawe na fedha, na ushuru wa mafuta una mema yake matatu. Kwanza, anayesafiri sana hulipa sana, na anayesafiri kidogo hulipa kidogo. Pili, ni rahisi kuukusanya, maana hukusanywa kwa makampuni ya mafuta kabla lita haijafika kituoni. Hauhitaji vibanda, wala makarani wa vibanda, wala foleni ya magari yanayonguruma bure. Tatu, na hili kwangu ndilo kubwa, haumfungii mtu njia. Mwenye gari la kifahari na mwenye kigari kikuukuu hupita lami moja. Hapana mahali ambapo maskini huambiwa, "Wewe pita kule chini."

Lakini ada ya njia hufanya hivyo hasa. Tutazame mambo yaliyopo.

Mwaka 2022 barabara ya juu ya Nairobi ilifunguliwa, kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27. Iliyojenga ni kampuni ya Kichina, nayo imepewa miaka mingi ya kutoza ada mpaka irudishe fedha zake na faida. Mtu asitake kupita juu, barabara ya zamani iko chini, bila ada. Mimi silalamiki sana juu ya hiyo. Mwenye haraka na mwenye fedha alipe, apite. Lakini tuna somo la kujifunza. Mwezi wa Januari 2024, ada ya gari dogo kwa njia nzima ilipanda kutoka Sh360 hadi Sh500. Sababu yake ni kwamba fedha za mkopo huhesabiwa kwa dola, na shilingi ilikuwa imeanguka mbele ya dola. Ndugu, mshahara wako huhesabiwa kwa dola? Shilingi ikianguka, tajiri wako hukuongeza? Hapana. Basi mjue ya kuwa ada ya namna hiyo yaweza kupanda siku ambayo mfuko wako umeshuka.

Somo la pili ni kubwa zaidi. Mwezi wa Novemba 2025 Rais Ruto alianzisha kazi ya kupanua barabara kutoka Rironi kwenda Nakuru hadi Mau Summit. Hii si barabara ya juu ya barabara nyingine. Ni njia ile ile kuu ya kwenda Bonde la Ufa na Magharibi, ambayo baba zetu waliipita. Bei iliyotangazwa ni Sh8 kwa kilomita, nayo itakuwa ikipanda mwaka kwa mwaka. Hakuna anayebisha kwamba njia hiyo ni nyembamba na imeua watu wengi. Inafaa kupanuliwa. Lakini tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo.

Chukua matatu ya abiria 14, isafiri kilomita 100 katika njia hiyo, nayo itozwe hiyo Sh8. Ada ni Sh800. Gawanya kwa abiria 14, ni Sh57 kwa kila mtu. Sasa ushuru wa mafuta: tuseme matatu hiyo inakwenda kilomita 10 kwa lita, basi imekunywa lita 10, na ushuru wake ni Sh250. Gawanya kwa 14, ni karibu Sh18. Waona basi: ada ya njia ni zaidi ya mara tatu ya ushuru wa mafuta, katika mwendo ule ule na kwa mtu yule yule. Na ushuru wa mafuta haukuondolewa kwa sababu umelipa ada. Utalipa Sh18 na utalipa Sh57. Anayekwenda kumzika mjomba wake atalipa kwenda na atalipa kurudi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini mara hii kibaba si chako.

Hapo tena pana jambo ambalo kila mwanachama lazima alijue. Miongoni mwa wenye mradi huo imo NSSF, yaani akiba yetu ya uzeeni. Kwa sheria ya mwaka 2013, asilimia 6 ya mshahara wako hukatwa kwa ajili ya akiba hiyo, na tajiri huongeza asilimia 6 nyingine, mpaka kiasi kilichowekwa. Sasa sehemu ya fedha hizo itakuwa lami. Wako wanaofurahi wakisema, "Vema, faida itabaki nyumbani badala ya kwenda ng'ambo." Maneno hayo yana ukweli. Lakini fikirini vizuri. Tumekuwa wenye duka na wanunuzi kwa wakati mmoja. Ada ikipanda, akiba yetu hunenepa na nauli yetu hupanda. Ada ikishuka, au magari yakikataa kupita, nauli ni nafuu lakini akiba ya uzee hukonda. Mzee wa kesho na abiria wa leo wamewekwa katika mizani moja, na wote wawili ni mtu mmoja. Mimi sisemi jambo hili ni haramu. Nasema wafanya kazi wana wawakilishi wao katika bodi ya NSSF, nasi tuna haki ya kuwauliza: mlikubali kwa masharti gani? Magari yakiwa machache kuliko yalivyotarajiwa, hasara ni ya nani?

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu wengi hawalitaji, nalo ni hili: ni nani anayeivunja barabara?

Katika reli swali hili lilijibiwa zamani. Kila ekseli ina uzito wake uliokubaliwa kwa kila njia, na behewa likizidi haliondoki. Hatungoji lifike njiani livunje reli ndipo tuulize. Barabara nayo ina kanuni ya namna hiyo. Kati ya mwaka 1958 na 1960, Wamarekani walifanya majaribio makubwa katika jimbo la Illinois. Walijenga barabara za kujaribia, wakapitisha malori ya uzito mbalimbali usiku na mchana, wakapima yaliyoharibika. Wakaona kwamba uzito wa ekseli ukiongezwa mara mbili, madhara hayaongezeki mara mbili, huongezeka kama mara 16. Kwa hesabu hiyo, ekseli ya lori yenye tani 10 huumiza barabara kiasi cha mara elfu kumi kuliko ekseli ya motokaa yenye tani moja. Hesabu hii ni ya kukadiria, lakini mainjinia wa dunia nzima wameitumia tangu siku hizo.

Basi tazama. Lori kubwa hunywa mafuta pengine mara tano au sita kuliko motokaa, kwa hiyo hulipa ushuru mara tano au sita. Lakini madhara yake hayahesabiki kwa tano wala sita. Nani hulipa hayo yaliyobaki? Ni abiria wa matatu, na mwenye boda boda, na yule mama wa kinu. Sisi wepesi tunamlipia mzito. Hilo ndilo kosa kubwa la ushuru wa mafuta, na kosa hilo halitibiwi kwa kuwatoza abiria ada. Hutibiwa kwa mizani. Mizani iko Mariakani, iko Athi River, iko Gilgil, iko Webuye, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 imeweka kipimo: uzito wote wa lori usipite tani 56. Mizani ikiwa ya haki, barabara huishi. Mizani ikiwa ya kupeana mkono wenye kitu ndani, barabara hufa, na kila Sh25 tunayotoa ni kama kumwaga maji mchangani.

Najua mtu atasema, "Huyu ni mtu wa reli, anawachukia wenye malori ili mizigo irudi kwake." Nitamjibu bila kuficha. Ndiyo, napenda mizigo irudi katika reli. Treni moja katika reli mpya ya Mombasa na Nairobi hubeba kontena zaidi ya 100, na kila kontena moja ni lori lililoondoka barabarani. Lakini sipendi irudi kwa amri. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilizuia malori kwa leseni yasishindane na reli. Na katika siku zetu hizi, makontena ya bandarini yalilazimishwa kupanda treni, na madereva, mataniboi, mafundi wa gareji na akina mama wauza chakula wa Mombasa na Mariakani walikosa riziki. Mwaka 2022 amri hiyo iliondolewa. Dereva wa lori ni mfanya kazi kama mimi. Tena ndiye anayesimama mbele ya mizani na kuulizwa, na hali aliyezidisha mzigo ni tajiri aliyelala nyumbani. Sitaki mkate wangu utoke kinywani mwake. Nataka mwenye mzigo mzito alipe gharama halisi ya barabara anayoivunja, kisha achague mwenyewe, lori au treni.

Wala sisi wa reli tusijifanye malaika. Tangu mwaka 2013 mizigo inayoingia kutoka nchi za nje hutozwa ushuru wa kujenga reli. Mtu wa Lodwar, ambaye hajapata kuiona treni hiyo, hulipa katika bei ya shati lake. Kama tunataka barabara iulizwe fedha zake, na reli nayo iulizwe.

Jambo la mwisho ni usalama wa hizo fedha zenyewe. Ushuru wa barabara ni wa kutengeneza barabara. Lakini mwaka 2025, katika kila Sh25, Sh7 zimewekwa rehani ili Serikali ipate mkopo wa Sh175 bilioni wa kuwalipa makontrakta madeni ya zamani. Makontrakta wana haki ya kulipwa, maana nyuma yao wako vibarua waliongoja mishahara. Hilo sikatai. Ila tufahamu maana yake: fedha za kuziba mashimo ya miaka ijayo zinalipa lami ya miaka iliyopita. Mashimo hayatangoja. Tena Magavana na Wabunge wamevutana mpaka mahakamani juu ya fungu la Sh10.5 bilioni za ushuru huo, kila upande ukisema barabara za mashambani ni zake. Na wakati wanavutana, njia ya kwenda zahanati inapasuka.

Jambo hili si geni duniani. Uingereza walikuwa na mfuko wa barabara, fedha zikitoka kwa wenye magari. Katika miaka ya 1920, Winston Churchill alipokuwa Waziri wa Fedha, alitia mkono ndani yake akachukua fedha kwa matumizi mengine ya serikali, na mfuko huo haukurudi tena kama ulivyokuwa. Chungu kilichojaa kikikaa bila mlinzi, kila mwenye njaa hupata sababu ya kukifunua. Tuliosoma misheni twamkumbuka Zakayo, mtoza ushuru. Shida haikuwa ushuru. Ilikuwa ni kile kilichotozwa zaidi na kisichofika mahali pake. Na dalili ya kutubu kwake haikuwa maneno, ilikuwa kurudisha.

Basi, ndugu zangu, maoni yangu ni haya, nami naomba yajadiliwe katika mikutano ya matawi:

1. Ushuru wa mafuta ubaki kuwa njia kuu ya kulipia barabara, lakini kila mwaka hesabu yake itangazwe kwa Kiswahili katika kila kaunti: fedha kiasi gani, barabara gani, kilomita ngapi. Kinachobandikwa ukutani husomwa na watu, kinachofungiwa kabatini husomwa na panya.

2. Ada isitozwe katika barabara ya zamani ila iwepo njia nyingine isiyo na ada, nayo itengenezwe vizuri. Njia ya bure yenye mashimo si njia ya bure.

3. Pasipokuwa na njia nyingine, matatu na mabasi ya abiria yatozwe ada ndogo sana au yasitozwe kabisa. Gari moja lenye watu 14 lisihesabiwe kama magari 14 yenye mtu mmoja mmoja.

4. Malori yalipe kwa uzito wa ekseli na kwa mwendo, na faini ya kuzidisha mzigo imwangukie mwenye lori na mwenye mzigo, si dereva peke yake.

5. Wawakilishi wetu katika NSSF watueleze kwa maandishi masharti ya fedha zetu zilizotiwa katika barabara ya Rironi.

6. Tufikirie mapema magari ya betri. Gari lisilonunua mafuta halilipi ushuru wa barabara, nayo yanaongezeka. Mwenye gari jipya la betri asije akapanda bure mgongoni mwa mwenye kigari kikuukuu cha petroli.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni makubwa mno kwa watu wa makoleo. Mimi nasema hivi: aliyetoa fedha si mdogo mbele ya zilizotolewa. Waziri hajatoa fedha hizo mfukoni mwake, wala kampuni haikuja na lami kama zawadi. Ni nauli yako ya Jumatatu, na unga wako wa Jumamosi, na asilimia 6 yako ya mwisho wa mwezi. Katibu wa tawi akiitisha mkutano mwezi huu, njoo, simama, uliza swali moja tu: Sh25 za lita ya jana zimeziba shimo gani? Na usiketi mpaka uandikiwe katika kitabu cha mkutano kwamba umeuliza.

Mimi mwenzenu,
MFANYA KAZI WA GENGE LA RELI